Shangazi, niliweka tiki za siku ambazo sikuandika

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 36, naishi Kirumba hapa Mwanza na kazi yangu ni dagaa. Nanunua Mwaloni, napaki kwenye magunia, nasafirisha. Shule niliishia kidato cha pili, kwa hiyo nikikosea kuandika unisamehe.

Mwaka jana biashara ilinipiga. Mteja wangu wa ng'ambo ya mpaka, ambaye tulifanya kazi miaka minne bila tatizo, nilimpa magunia kumi na mawili kwa mali kauli. Akalipa ya magunia manne, halafu simu ikazimwa mpaka leo. Kwenye ule mzigo, shilingi 1,800,000 zilikuwa mkopo wa kikoba. Mume wangu anajua kwamba mteja alichelewesha hela. Hajui kwamba mteja alipotea kabisa, hajui kwamba kulikuwa na mkopo, na hajui kwamba kila Alhamisi napeleka marejesho.

Nikawa silali. Nageuka kitandani mpaka nasikia bodaboda za alfajiri zinaanza. Rafiki yangu mmoja akaniambia, wewe andika, usiku ukiona kichwa kimejaa chukua kalamu. Nikanunua kaunta buku la kijani. Siku tatu nikaandika, wiki nzima nikaacha. Ndipo akaniingiza kwenye kundi la WhatsApp la watu wanaoandika kila siku. Tuko arobaini na kitu, wengi wa Mwanza, wengine Bukoba, Musoma, Dar, na dada mmoja yuko Kisumu. Kanuni ni maneno 750 kwa siku, na sisi wa madaftari ni kurasa tatu. Ulichoandika huonyeshi mtu. Kabla ya saa sita usiku unaweka tiki na namba ya siku yako, basi. Ukikosa siku tatu mfululizo unaondolewa. Jumapili admini anabandika jedwali la wiki, aliyetimiza anawekewa moto, aliyekosa anawekewa duara tupu.

Shangazi, nisiwe mwongo, kundi lile lilinisaidia. Kuna usiku nilirudi nanuka samaki, miguu imevimba, nikasema leo hapana. Nikafungua simu nikaona yule wa Kisumu ameweka tiki huku mtoto wake amelazwa. Nikainuka. Nikaanza kulala. Mambo ya yule mteja nikawa nayamaliza kwenye karatasi, nikilala hayanifuati.

Halafu admini akaleta kitu kinaitwa Ijumaa ya Kufunguka. Kila Ijumaa watu watatu wanapiga picha ukurasa mmoja wanatuma. Ilipofika zamu yangu nikatuma ukurasa wa marehemu mama yangu, wa jinsi alivyokuwa akianika dagaa juu ya mawe kule kijijini. Watu wakalia, mioyo ikamiminika. Ni kweli niliandika mimi, lakini ule ukurasa niliuandika mchana, nikaurudia mara mbili mwandiko ukae vizuri. Toka siku ile nikishika kalamu naona sura zao. Naandika sentensi nasema hii wataipenda. La mkopo siandiki tena, maana zamu ikirudi je?

Siku ya 83 mama mkwe akafariki. Tukapanda meli kwenda Nansio, tukakaa Ukerewe siku sita. Daftari nililiacha nyumbani, na hata ningekuwa nalo, mkaza mwana ana nafasi gani ya kukaa na kalamu msibani? Lakini tiki niliweka. Zote sita, 83 hadi 88. Nilikuwa nachaji simu kwenye kibanda, naingia, naweka, natoka. Sikutaka kuondolewa. Nilijiambia nitafidia.

Sikufidia. Nikarudi nikaendelea, na siku ya 100 kundi zima likanishangilia. Wananiita Dada Mia. Sasa admini ananiomba niwaongoze wapya, niwaeleze siri ya kutokukosa hata siku moja. Leo niko 104. Kila nikiona lile jina tumbo linakata.

Na nyumbani mume wangu ameanza kuuliza, kila usiku saa tano na nusu simu, halafu daftari, unamwandikia nani? Juzi nilikuta kaunta buku limehama kutoka nilipoliweka. Sijui kama amesoma.

Shangazi, nijitoe kimyakimya nianze upya peke yangu? Daftari nilichome? Nimechoka.

Dada Mia wa uongo, Kirumba

*

Marahaba mwanangu. Pole sana kwa msiba. Na pole kwa hizo siku sita, naona zimekulemea kuliko yale magunia manane yaliyopotea.

Tuanze na hesabu, wewe ni mfanyabiashara. Jedwali linasema 104. Toa sita. Umeandika siku 98. Mimi nimefundisha shule ya msingi miaka mingi, nimewasahihishia watoto wa watu insha mpaka macho yakaomba miwani, na madaftari ya kuandika mambo yangu mwenyewe nimenunua yasiyopungua kumi. Hakuna hata moja lililofika siku ya 40. Moja limeishia kuwa la hesabu za maziwa. Kwa hiyo barua yako, pamoja na machozi yake, niliisoma kwa wivu kidogo.

Usijitoe kimyakimya. Nitakueleza kwa nini, ila kwanza niseme kuhusu ile kanuni ya siku tatu, maana imenikera. Kanuni inayomfukuza mtu aliyeko matangani ni kanuni ya kufuga waongo. Siamini kama ni wewe peke yako. Kwenye watu arobaini na kitu, kuna ambao usiku wa manane wameweka tiki huku wamejifunika shuka. Hilo halikutakasi, lakini litakusaidia ukishika simu kuandika ujumbe nitakaokuambia.

Wewe uko kwenye kikoba, kwa hiyo nitakusemesha kwa kikoba. Siku ya kikao unaweka hisa mezani, zinahesabiwa mbele ya wote, kitabu chako kinapigwa muhuri. Kuna anayekuuliza hela umeipata wapi? Kama umeuza dagaa, kama umekopa kwa dada yako, kama umeuza kuku wa mwisho, hayo ni yako. Kikundi kinashuhudia kwamba umeweka. Kinaishia hapo, na ndiyo maana kinadumu. Tiki ni muhuri. Ile Ijumaa ya Kufunguka ni sawa na mwenyekiti kusimama na kusema, kuanzia leo kila anayeweka hisa atueleze na chanzo chake, kwa picha. Kikoba kingevunjika wiki hiyo hiyo, au watu wangeanza kutunga vyanzo vizuri vya kusimulia. Wewe ulichofanya ni hicho cha pili. Ukurasa wa mama yako na dagaa juu ya mawe nina hakika ni mzuri. Lakini wewe mwenyewe umeshasema: uliuandika mchana, mara mbili, mwandiko ukae vizuri. Hiyo ni kazi ya hadhara, na haina ubaya wowote, ila siyo ile iliyokurudishia usingizi.

Admini wenu pengine hajui kile kipimo cha 750 kimetoka wapi, basi mwelezeni. Kule Marekani, miaka ya 1990, ilienea desturi ya kuandika kurasa tatu kwa mkono kila asubuhi, chochote kinachokuja kichwani, bila kuonyesha mtu. Ukikadiria maneno 250 kwa ukurasa unapata 750. Mwaka 2009 jamaa mmoja, Buster Benson, akaiweka desturi hiyo mtandaoni: kila mtu anaandika maneno yake 750 kwa faragha, na wenzake wanachoweza kuona ni alama ya kwamba ametimiza. Faragha ndiyo iliyokuwa msingi, na alama za wenzako ni uzio tu wa kuulinda. Kundi lenu lilianza vizuri kabisa, halafu likanogewa.

Tena kuna jambo la kawaida tu la simu. Ukituma picha ya ukurasa kwa watu arobaini, umeituma kwenye simu arobaini, na nyingi kati ya hizo zina watoto wanaozichezea na waume wanaoziazima. Mwanza nayo si kubwa hivyo. Kati ya Kirumba na Buzuruga hukosi mtu anayemjua wifi yako.

Sasa zile tiki sita. Wewe unaishi kwa dagaa, unalijua hili kuliko mimi: mwezi ukiwa mpevu, ziwa likang'aa kama sinia, taa za wavuvi hazina kazi. Dagaa huvutwa na taa kwenye kiza, na mbalamwezi ikitanda hawakusanyiki. Mitumbwi inavutwa pwani, watu wanashona nyavu, wanalala na familia zao, na kule Mwaloni mzigo unapungua na bei inapanda. Inapita siku saba, siku kumi. Umewahi kumsikia mtu Mwaloni akisema mvuvi fulani ameacha uvuvi kwa sababu mwezi umetoka? Kiza kikirudi, taa zinawashwa, ziwa usiku linakuwa kama mji mwingine. Msiba wa mama mkwe ulikuwa mbalamwezi yako. Hukuvua. Kosa lako si kutokuvua, ni kuleta debe tupu na kulipanga kwenye foleni ya mzani.

Na hili la kukosa siku limepimwa. Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha London, kile kinachoitwa University College London, uliochapishwa mwaka 2009. Watu 96 walichagua kila mmoja jambo dogo la kufanya kila siku, kama kunywa maji au kula tunda pamoja na chakula cha mchana au kukimbia kidogo kabla ya chakula cha usiku, wakafuatwa kwa wiki 12. Kwa wastani iliwachukua siku 66 jambo kuwa mazoea ya kufanywa bila kujisukuma, lakini walitofautiana mno: kwa makadirio ya watafiti, mwepesi siku 18, mzito siku 254. Na waliokosa siku moja hapa na pale hawakuharibu kitu, mazoea yaliendelea kujengeka. Kweli, maji si daftari, na siku moja si sita. Lakini wewe ulifika msibani ukiwa na siku 82 za kweli, na uliporudi uliandika, bila mtu kukushika mkono. Mazoea unayo tayari. Kilichovunjika ni namba, na namba hairekebishwi kwa kujitoa, inarekebishwa kwa kuiandika upya.

Kwa hiyo kesho, usisubiri Jumapili, tuma hivi: "Wapendwa, siku ya 83 hadi 88 nilikuwa msibani Ukerewe. Sikuandika, lakini niliweka tiki. Hesabu yangu ya kweli ni hii." Weka namba ya siku hiyo. Basi. Usieleze jinsi kibanda cha kuchajia kilivyokuwa mbali, usiombe radhi aya tatu, usilie kwa emoji. Ukimaliza weka simu chini, kapike.

Watakaokucheka watakuwepo, mmoja au wawili. Watakaonyamaza watakuwa wengi, na kati ya hao wapo watakaokuja pembeni kukuambia, dada, hata mimi. Admini akisema kanuni ni kanuni na akakuondoa, mshukuru, kisha mchukue yule wa Kisumu na huyo rafiki yako aliyekuleta, mfungue kundi la watu watatu. Watatu wanatosha. Hata sanduku la kikoba lina kufuli tatu. Na asipokuondoa, akakuomba bado uwaongoze wapya, kubali, uwaeleze habari ya mwezi na mitumbwi. Hiyo ndiyo wanayoihitaji zaidi ya siri ya kutokukosa, ambayo hakuna mwenye nayo.

Ijumaa zamu yako ikifika: "Nimeandika, tiki hiyo hapo, ukurasa siutumi." Wakikuita mchoyo, kuwa mchoyo.

Umetoka kuzika Ukerewe, basi nikukumbushe mwenyeji mmoja wa kisiwa kile. Mzee Aniceti Kitereza aliandika hadithi ndefu kwa Kikerewe akaimaliza mwaka 1945. Ikakaa. Mwishowe akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ilipotoka kitabu Dar es Salaam ilikuwa mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Miaka 35 zile karatasi zilikuwa kazi iliyokamilika, hata pasipo moyo mmoja mwekundu chini yake. Mzee yule alitaka kusomwa, tofauti na wewe, najua. Lakini sisi wa siku hizi tumefika mahali ambapo ukurasa usiopendwa kabla ya saa sita usiku tunauona kama umepotea, na mimi ninapokumbuka miaka ile 35 kichwa kinatulia kidogo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo uliliweka mwanzoni kama salamu, ukadhani nitalipita.

Mkopo.

Unaniuliza kama daftari ulichome. Mwanangu, unataka kuchoma karatasi kwa sababu kuna deni ndani yake, na deni halitaungua. Kuna mambo mawili yanafanana kwa sura lakini si ndugu: faragha na kificho. Ulivyomlilia mama yako, ulivyomchukia yule mteja, ulivyojiona mjinga, hofu zako za usiku, hata yale uliyowahi kuyawaza juu ya mume wako ukiwa na hasira, hayo ni faragha. Ni yako, na mume mwenye busara hayagusi. Lakini deni la shilingi 1,800,000 linalolipwa kidogo kidogo kutoka kwenye riziki ya nyumba kila Alhamisi si faragha yako, ni habari ya nyumba. Wadhamini wako wa kikoba wanajua. Mweka hazina anajua. Wanachama wote wanajua. Anayekula nawe sahani moja ndiye asiyejua, na siku utakapokwama wiki mbili, wadhamini watabisha hodi kwake.

Ndiyo maana daftari limekuwa zito. Siku hizi linafanya kazi mbili, kukupumzisha na kuficha, na hiyo ya pili inaila ya kwanza. Umeona mwenyewe kwamba umeacha kuandika la mkopo. Unadhani ni kwa ajili ya zamu ya Ijumaa tu? Mimi nadhani ni kwa sababu pia ya yule anayelihamisha kutoka ulipoliweka.

Mwambie. Usimwambie usiku kitandani, wala siku ya marejesho ukiwa umevurugwa. Jumapili mchana, watoto wakiwa nje, na kitabu cha kikoba mkononi ili aone muhuri kwa muhuri ulivyolipa. Mwanaume aliyetoka kumzika mama yake ana huzuni yake, kwa hiyo chagua maneno, lakini usiisogeze mbele kwa kisingizio hicho mpaka mwakani. Atakasirika. Ana haki. Atauliza kwa nini hukumwambia, na hapo usijitetee kwa kumtaja yule mteja, sema uliona aibu. Nadhani kitakachomuuma zaidi ni kwamba wanawake ishirini walijua kabla yake.

Halafu, mazungumzo hayo yakishatulia, siku nyingine kabisa, mwambie habari ya daftari. Mwonyeshe kundi kwenye simu: hizi tiki, hii namba, huyu wa Kisumu. Aone kwamba saa tano na nusu usiku unachotuma ni alama, basi. Mwambie kwamba ndani ya kaunta buku mnamo wote wawili, yeye na wewe, mkiwa wabaya na mkiwa wazuri, na kwamba unaomba asilifungue. Mwanaume ambaye ameshaambiwa la mkopo atakuamini katika hili kwa urahisi zaidi. Akiwa amelisoma tayari, basi la mkopo analijua na amekaa kimya akikusubiri, nalo ni la kufikiria. Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini kata ikiachwa juu ya meza kila mtu ataichovya. Liweke kwenye sanduku lako la kanga, si kwa kujificha, ila kwa sababu vitu vya mtu vina mahali pake.

Jambo jingine dogo. Umesema mwanzoni ulikuwa unaandika habari za yule mteja usiku kwa usiku na zikakusaidia. Nafurahi, lakini ukianza kuziandika tena, usizichimbe kila siku. Mwaka 1986 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, James Pennebaker, pamoja na mwenzake walitoa matokeo ya jaribio na wanafunzi wa chuo: waliandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo, juu ya tukio lililowaumiza sana, tukio lenyewe na walivyojisikia. Wakitoka kuandika walikuwa na huzuni zaidi kuliko walivyoingia. Miezi iliyofuata ndipo ikaonekana wanakwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Angalia idadi: siku nne. Hawakukaa na kidonda siku 98. Kwa hiyo yule mteja mpe siku zake nne, umseme mpaka umalize, halafu andika mengine. Andika bei ya leo ya dagaa. Andika aliyepita na kanga gani. Wanafunzi wangu niliwaambia hivyo hivyo, asiye na la kusema aandike anachokiona dirishani, na wale walioandika dirisha ndio waliokuja kunifurahisha.

Na saa yenyewe ubadilishe. Usiku saa tano na nusu umechoka, simu iko mkononi, saa sita inakukimbiza, na taa inamwamsha mtu. Wewe si unafika Mwaloni kabla jua halijachomoza, unasubiri mzigo? Pale unaposubiri, chai ya rangi ikiwa mkononi, ndipo pa kuandika. Shikamanisha kalamu na kikombe kile: chai ikimiminwa, daftari linafunguka. Kwa kazi hiyo nunua kijidaftari kidogo cha mfukoni, kaunta buku litanuka. Kurasa tatu zikikushinda andika mistari mitano, uhesabu hiyo ni siku. Kundi likisema mitano haitoshi, hilo watalijua wao na jedwali lao.

Ulipoandika barua hii ulikuwa na siku 98. Kwa mwendo wako, gazeti likifika mikononi mwako utakuwa umeshaipita mia yako ya kweli, na hakuna aliyekupigia kigelegele kwa sababu wote walishapiga kile cha uongo. Basi nakupigia mimi, huku Nyegezi, jirani zangu wakishangaa. Na mkirudi Nansio kwenye arobaini ya mama mkwe, safari hii panda meli na kijidaftari chako. Saa za melini ni nyingi na hakuna atakayekutuma kuchota maji. Katikati ya ziwa mtandao ukikata, tiki itasubiri mpaka mshuke.

Shangazi